Mbwa Asiyeshikika

Mvulana alimleta mbwa wake akiwa amemfunga kwa waya wa kuanikia nguo. Alikuwa wa miaka tisa hivi, labda kumi. Siku hiyo daktari wa mifugo alikuja mtaani kwetu kuchanja mbwa bure, akaweka meza chini ya mwembe uani kwa mwenyekiti wa LC One, yaani baraza la mtaa, na foleni ikafika hadi barabarani. Karibu mbwa wote waliletwa na watoto, maana wakubwa walikuwa kazini. Mmoja alikuja kwa kamba ya mgomba, mwingine kwa mkanda wa suruali wa baba mtu, mwingine amebebwa ndani ya gunia, kichwa tu ndicho kinachoonekana.

Zamu ya mvulana ilipofika, daktari aliinama. Mbwa akaruka, akajipindua hewani, waya ukamchana mtoto kiganjani, na mbwa akachomoka. Alikatisha barabara katikati ya boda boda, akatokomea nyuma ya vibanda.

"Ssebo, nyumbani hana fujo," mtoto alimwambia daktari huku machozi yakimlenga. "Nyumbani mimi namlalia."

Daktari alimwosha kiganja, akakifunga, akaita anayefuata. Foleni ilikuwa bado ndefu na jua lilishapanda.

Mbwa yule hakuchanjwa.

Wiki zimepita na maneno ya mtoto yule hayajanitoka. Naamini alisema kweli. Mbwa anayelaliwa nyumbani na mbwa aliyekata mtu kiganja ni mbwa yuleyule, na maelezo ya jambo hilo nilikuwa nayasikia kila Jumamosi mahali ambapo wengi mtaani kwetu wanapaona pa matajiri: kwenye mafunzo ya mbwa.

## Saa moja asubuhi

Klabu yetu haina jengo. Tunakutana kwenye uwanja wa mpira wa shule moja ya msingi hapa Kampala, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi, anahema. Ikifika saa nne kwenye uwanja usio na kivuli, ameshachoka na hajifunzi tena. Kila mtu anakuja na kamba, chupa ya maji, na mfuko wa kavera wenye maini ya kuchemsha yaliyokatwa vipande vidogo sana. Asiye na maini analeta mukene, dagaa wa huku kwetu.

Wanaokuja si wale ambao watu wanawadhania. Yupo mama mwenye duka la dawa na German Shepherd wake. Wapo vijana wawili walinzi waliotumwa na bosi wao. Yupo mwanafunzi wa chuo mwenye mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Yupo mzee mmoja askari mstaafu. Yupo jirani yangu Hajati. Mwalimu anafundisha kwa Kiluganda, akifika kwetu anahamia Kiswahili bila hata kukata sentensi.

Mimi naenda na Simba. Nilimpata akiwa mkubwa tayari, kutoka kwa mtu wa Mityana aliyekuwa anahama, na tangu utotoni alikuwa amefungwa mnyororo chini ya mti. Hilo lina uzito kuliko nilivyodhani mwanzoni. Wamarekani wawili, Scott na Fuller, walichapisha mwaka 1965 matokeo ya utafiti wao wa miaka mingi juu ya watoto wa mbwa, na hadi leo wakufunzi wanauegemea: kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 hivi mtoto wa mbwa anapokea dunia kwa urahisi, watu, sauti, mbwa wengine. Baadaye mlango huo unakuwa mzito. Haufungwi kabisa, lakini lazima usukumwe taratibu. Simba aliipitisha miezi yake hiyo akiuona uwanja mmoja na watu wa nyumba moja.

## "Na karo je?"

Watu wameniuliza. Mbwa anakula maini, na karo za watoto je? Wengine wanauliza wakicheka, lakini jirani mmoja aliniuliza kwa upole, akiwa ametoka kukopa, na swali lake nimelibeba kwa heshima. Kuna nyumba hapa ambazo maini ni chakula cha sikukuu. Siwezi kumwambia mtu wa nyumba hiyo kwamba Jumamosi yangu ni ya lazima.

Ninachoweza kumwambia ni nilichokiona uwanjani, halafu apime mwenyewe.

## Kwa nini kundi

Nyumbani Simba alishika haraka. "Kaa," anakaa. "Subiri," anasubiri hadi nifungue geti. Nilifika uwanjani nikiamini nina mbwa hodari. Mbwa wengine walipoingia, Simba akawa kama hanijui. Niliita jina lake, nikaita tena kwa sauti zaidi. Nikamwekea ini mdomoni, likaanguka majanini.

Mwalimu alikuja akaliangalia lile ini, wala hakumwangalia mbwa.

"Usimwite tena. Hakusikii."

"Ana ukaidi, Mwalimu?"

"Mbwa mwenye njaa akikataa maini, ameogopa. Nendeni kule golini."

Golini, mbali na wenzake, Simba alikula. Ndilo lililokuwa somo letu la siku ile: kukaa golini na kula. Jumamosi iliyofuata tulisogea hatua chache, akala, tukakaa hapo. Tuliposogea zaidi akakataa, tukarudi nyuma. Iliniuma kuona wenzetu wanafundishwa kutembea bila kuvuta kamba na sisi tumekaa kwenye nyasi pembeni. Nilifikiria kuacha. Kukaa golini na mbwa anayetafuna maini sikukuona kama mafunzo.

Mwalimu alinieleza wakati anapita. Mbwa anajifunza jambo pamoja na mahali pake. Aliyejifunza kukaa jikoni amejifunza kukaa jikoni. Ukimpeleka sokoni unaanza upya, na ukimpeleka kwenye mbwa wengine unaanza upya tena, kila mara kwa muda mfupi zaidi. Ndiyo maana ya kundi. Uwanjani kuna mbwa wanaobweka, watoto wanaopita na jerikeni, mpira unaodunda, mwanamke anayefagia. Nyumbani huwezi kumpatia hayo yote, na dunia ndiyo hayo yote.

Akanionyesha pia vitu vya kutazama. Mbwa anayelamba pua na hakuna chakula karibu. Anayepiga miayo na hana usingizi. Anayegeuza uso pembeni, anayeinua mguu mmoja wa mbele, jicho linaloonyesha weupe. Hayo yote anayafanya kabla ya kunguruma, na kunguruma kunatangulia kung'ata. Tangu siku ile nayaona kila mahali, kwa mbwa wa buchani, kwa mbwa wa stendi.

Na mbwa wa mvulana yule, kwenye foleni, alikuwa akipiga miayo. Nilimwona. Alipiga miayo mara kadhaa, akageuza uso, akainua mguu. Mtoto alikuwa anatazama mbele, akihesabu waliobaki.

## Mzee na mbwa wake

Mimi nimekulia kwenye kambi ya jeshi. Kule mbwa alijua fimbo, na hakuna aliyeona ajabu, maana hata sisi watoto tuliijua. Kwa hiyo mzee mstaafu aliposema, "Mbwa asiyemwogopa mwenyewe atamla mwenyewe," nilimwelewa tangu mizizi. Mafunzo ya kijeshi na ya polisi yalijengwa hivyo tangu zamani. Mjerumani Konrad Most aliandika kitabu chake cha mafunzo ya mbwa mwaka 1910, na maumivu yalikuwa sehemu ya kazi. Baadaye likaja lile la mbwa mwitu: mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alieleza mbwa mwitu waliofungiwa pamoja wakigombania ukubwa, na watu wakasema mbwa wa nyumbani naye lazima aonyeshwe mkubwa ni nani. Mtafiti wa Kimarekani David Mech, ambaye mwenyewe alikuwa ameisambaza dhana hiyo, alikwenda kuwatazama wakiishi porini, kaskazini kabisa mwa Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao. Habari hiyo imechelewa kufika kwa wengi.

Mwalimu hakumtajia mzee hata jina moja kati ya hayo. Alimwomba tu amwite mbwa wake kutoka upande wa pili wa uwanja.

Mzee aliita kwa sauti ya gwaride. Mbwa alikuja, mara moja, bila kusita. Alikuja tumbo likigusa nyasi, mkia ndani ya miguu, na alipokaribia akasimama. Alisimama mahali ambapo mkono wa mzee haufiki. Mzee alipiga hatua, mbwa akarudi hatua. Akapiga nyingine, mbwa akarudi nyingine.

"Mzee wangu," mwalimu alisema kwa adabu zote, "leo akiumia, utamshikaje?"

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akachuchumaa, akageuka ubavu, akamimina mukene chini. Jumamosi hiyo hakumshika. Alimshika wiki kadhaa baadaye, na aliwaita walinzi wale vijana waje waone.

Mbwa anajifunza nini kinafuata nini. Ndicho ambacho mwanasayansi Mrusi Pavlov alikionyesha kwa mate ya mbwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kama kila mara shingo yake inaposhikwa maumivu yanafuata, atajifunza kuikinga shingo. Ametii kila tulichomfundisha.

## Ulinzi

Shaka yangu kubwa ilikuwa hapa. Mwenye nyumba wangu aliniambia waziwazi: "Usinifundishie mbwa kupenda watu." Ana haki ya kusema. Kampala tunafuga mbwa kwa ajili ya wezi. Mchana mnyororo, usiku anafunguliwa, na sifa yake ni ukali. Nililala na jambo hilo usiku mwingi. Je, ninalipa ili nyumba yangu ibaki bila mlinzi?

Simba anabweka bado. Mtu akigusa geti saa nane ya usiku, mtaa mzima unajua. Kilichobadilika ni kwamba nikitoka na kumwita, ananyamaza na kuja, na mimi naangalia ni nani. Zamani alibweka toka jioni hadi alfajiri, kwa paka, kwa mlevi, kwa muuza maji, na sisi tulishaacha kumsikiliza. Mwizi angepita humo humo katikati ya kelele. Mwenye nyumba hajasema nimefanya vema, lakini ameacha kulalamika, na mke wake sasa anaingia uani peke yake.

Upande wa pili wa ukali ni watoto. Mpira ukiruka ukuta, anayeufuata ni mtoto. Watoto wa miaka 5 hadi 14 ni miongoni mwa wanaoumwa zaidi na kichaa cha mbwa duniani.

## Hajati

Hajati ana mbwa wa kulinda duka na anamtunza vizuri kuliko wengi wetu. Siku ya kwanza alisema mapema kwamba mate ya mbwa kwake ni najisi nzito, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, na yeye ana swala. Basi maini atayatoaje mkononi?

Mwalimu alifikiri kidogo, akamwambia ayatupe chini kwenye nyasi, mbele ya miguu ya mbwa. Ikawa hivyo. Mbwa wake alijifunza kukaa na kusubiri sawa na wetu, na kwa kuwa pua iko chini akitafuta, anatulia haraka kuliko Simba. Siku za kushikana mwili anavaa glavu za mpira. Kijana mmoja alipomkodolea macho, Hajati alimjibu bila hasira: "Mwanangu, soma Kurani, Al-Maida aya ya nne. Wanyama wa kuwinda waliofundishwa wametajwa humo." Kisha akaendelea kutupa maini.

## Kalamu

Somo lililonifungua macho lilikuwa la kushikwa.

Tulikata matako ya vikombe vya plastiki, tukapaka mukene wa kupondwa kwa ndani, tukawaacha mbwa watie pua wenyewe. Hakuna kusukuma. Baada ya wiki kadhaa kikombe kikawa bandeji iliyofungwa duara mdomoni, kama madaktari wanavyofanya wasipokuwa na kifunga mdomo. Mbwa anatia pua kwenye duara kwa hiari, anakula, anatoa.

Kisha tukabadilishana. Mwanafunzi wa chuo alisimama ubavuni kwa Simba, mimi nikakaa mbele na maini. Mwalimu alisisitiza mpangilio: mkono uguse kwanza, ndipo ini lije; mkono ukiondoka, ini linakoma. Mkono begani. Ini. Mkono shingoni. Ini. Mara ya kwanza Simba aligeuza jicho, weupe ukaonekana, tukaacha hapo, tukarudi begani. Tuliendelea hivyo Jumamosi kadhaa. Hatimaye mwanafunzi alibana ngozi nyuma ya shingo kwa vidole viwili, akaibonyeza kwa kalamu iliyofungwa, mahali hasa ambapo sindano ya chanjo huingia.

Simba alikuwa anatafuta kiganja changu. Hakugeuka hata.

Ndipo mvulana wa waya alipokuja kichwani, na hajaondoka.

Kwa sababu hesabu ya kichaa cha mbwa inajulikana. Kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi Afrika na Asia. Karibu wote, asilimia 99, wamekipata kwa mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Kabla ya dalili kuna nafasi: kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo, siku hiyo hiyo. Chanjo ya binadamu ipo tangu Mfaransa Pasteur mwaka 1885. Na Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kuua mbwa kwa sumu hakutufikishi popote. Wanaokufa ni pamoja na waliochanjwa, na wengine wanahamia nafasi zao. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa.

Siku ile uani kwa mwenyekiti chanjo ilikuwepo, kwenye kasha la barafu. Daktari alikuwepo. Mwenye mbwa alikuwepo, na alikuwa na nia, alimburuta mbwa wake njia nzima. Kilichokosekana ni mbwa kujua kwamba kamba si kifo na mkono wa mgeni si adui. Hilo halifundishwi kwenye foleni. Linafundishwa kabla, kwa mukene kidogo, kwa dakika chache za kila siku, na mtoto wa miaka tisa anaweza.

## Gulu walishaanza

Anayesema mafunzo ya mbwa ni mambo ya Muyenga na Kololo, mitaa ya matajiri ya Kampala, amtazame Francis Okello Oloya wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Alipoteza macho akiwa mtoto, kwa bomu lililokuwa limefukiwa shambani. Akawa mwanasaikolojia, na akaanzisha kazi ya kuwaunganisha manusura wa vita ya kaskazini na mbwa waliokuwa hawana mtu. Kwa miezi kadhaa watu hao wanajifunza pamoja, kila mmoja na mbwa wake. Wengi wao ni wakulima wa kawaida. Hakuna aliyesubiri utajiri kwanza.

Nikisoma habari zao najiuliza tunangoja nini sisi.

## Kwa mwenyekiti

Nilikwenda kwa mwenyekiti na Hajati. Tulimwomba uani kwake mara moja kwa wiki, miezi miwili kabla ya chanjo inayokuja: watoto na mbwa wao, kamba pana isiyokata, fundo lisilokaza shingo, na mtu wa klabu wa kuwaonyesha. Mwalimu amekubali kuja bila malipo. Mukene Hajati amesema ni juu yake.

Mwenyekiti ni mtu wa maswali. Mbwa wakipigana? Watakaa mbali mbali, tukamweleza habari ya golini. Mtoto akiumwa? Tutaanza na mbwa wawili au watatu, na mzee mstaafu atakuwepo, kwani sasa anaziona zile dalili kabla yetu. Wazazi watasema nini? Hapo alijijibu mwenyewe: wazazi atawaita yeye.

Swali lake la mwisho ndilo lililotukalisha hadi jioni. "Na wale wasio na mwenyewe? Wale watatu wa stendi ya boda, nani atawashika?"

Klabu yetu haijawahi kufundisha mbwa asiye na mtu. Lakini Hajati alikumbuka kwamba mama anayekaanga chapati pale stendi huwatupia mabaki kila jioni, na kwamba yule mwenye kovu humfuata hadi mlangoni kwake. Tukatoka hapo moja kwa moja tukamwendea. Alisikiliza akigeuza chapati, akauliza kama atalipwa, tukamwambia hapana. Akasema tuje na hiyo kamba saa tisa mchana, wateja wakiwa wachache, na tusimlete daktari hadi yeye aseme.